Kikomo cha Mshahara: Pingu au Mapatano?



Kila dirisha la usajili linapofunguliwa, vijiwe vyetu hugeuka kuwa ofisi za uhasibu. Vijana wanaokunywa kahawa ya vikombe vidogo hukaa wakahesabu mamilioni ya watu ambao hawajapata kuonana nao: huyu kasaini miaka minane, yule kakataa mshahara wa wiki moja ambao hapa kwetu mtu hataupata maisha yake yote. Hatimaye mzee mmoja hukohoa na kusema kwamba wachezaji wa siku hizi wameharibiwa na fedha, na kwamba ingekuwa heri wakubwa wa mpira wakaweka kikomo, mchezaji asipokee zaidi ya kiasi fulani, basi, mambo yaishe.

Rai ya mzee huyo si mpya. Ilikwisha kujaribiwa, tena huko huko Uingereza ambako vijana wetu wanakodolea macho kila Jumamosi. Ilitumika kwa miaka 60, kuanzia 1901 hadi 1961, na ilitetewa na watu wenye heshima zao, kwa hoja ambazo ukizisikia leo utaona hazikuwa za kijinga. Leo nataka tuifuate habari hiyo tangu mwanzo, maana ndani yake limo swali ambalo bado linatusumbua: kikomo cha mshahara ni haki au ni dhuluma? Na mkataba mrefu humfunga nani, mchezaji au klabu?

Tuanzie 1885. Mwaka huo Chama cha Soka cha Uingereza kilikubali, baada ya ubishi mrefu, kwamba mtu anaweza kucheza mpira kwa malipo. Miaka mitatu baadaye, 1888, klabu 12 zikaunda ligi. Mara moja likazuka tatizo. Kama kila mchezaji yuko huru kwenda anakotaka, basi wachezaji wote wazuri watakimbilia klabu za miji mikubwa zenye fedha nyingi langoni, na klabu za miji midogo zitabaki na viatu vitupu. Na ligi ambayo mshindi wake anajulikana kabla ya mpira kuanza, nani atalipa kiingilio kuitazama?

Kwa hiyo zikatungwa kanuni mbili. Ya kwanza ilihusu usajili. Mchezaji aliyesajiliwa na klabu hangeweza kuhamia klabu nyingine ya ligi bila idhini ya klabu yake, hata kama mkataba wake umekwisha. Kanuni ya pili ilianza kutumika msimu wa 1901–02: mchezaji yeyote, awe hodari namna gani, asilipwe zaidi ya pauni 4 kwa wiki.

Tuwe wa haki. Pauni 4 kwa wiki mwaka 1901 hazikuwa fedha za kudharauliwa, kwani fundi stadi wa kiwandani alipata kama nusu yake. Wakurugenzi wa klabu nao waliwekewa kikomo cha gawio ambalo wenye hisa wangeweza kulichukua. Kwa hiyo wakubwa wale hawakujiona kuwa wanyonyaji. Walijiona ni walinzi wa mchezo.

Lakini tazameni kanuni hizo mbili zikikaa pamoja. Mikataba ya wakati ule ilikuwa ya mwaka mmoja mmoja, na kila mwisho wa msimu klabu ilitoa orodha ya wachezaji inaowabakiza. Ukiwa kwenye orodha hiyo na hukubali masharti, huna mshahara kuanzia siku mkataba unapokwisha, na wala huna ruhusa ya kwenda kucheza kwingine kwenye ligi. Mkataba wa klabu kwako ni wa miezi 12, lakini kifungo chako kwa klabu hakina mwisho. Kikomo cha mshahara peke yake kingevumilika. Kuzuiwa kuondoka peke yake pia kungeweza kuvumilika kama malipo ni mazuri. Mambo hayo mawili yalipokaa pamoja, mchezaji hakuwa na neno la kusema.

Wa kwanza kulitikisa jambo hili hadharani alikuwa Billy Meredith, winga kutoka Wales, mtoto wa migodini ambaye alizoeleka kucheza huku ana kijiti cha meno mdomoni. Mwaka 1904 alifunga bao lililoipa Manchester City Kombe la FA. Mwaka uliofuata alifungiwa kwa tuhuma ya kumhonga mchezaji wa Aston Villa, na klabu yake ikakataa kumlipa wakati yuko kifungoni. Meredith hakunyamaza. Akatoa siri nje: City ilikuwa ikiwalipa wachezaji wake zaidi ya zile pauni 4, kinyume cha kanuni. Mwaka 1906 uchunguzi ulipomalizika, wachezaji 17 walifungiwa hadi Januari 1907 na kukatazwa kuichezea tena City, na meneja wao naye akafungiwa. Timu nzima ikapigwa mnada kama samani za mtu aliyefilisika, na Meredith na wenzake watatu wakaangukia upande wa pili wa mji, Manchester United.

Hapo tupate funzo la kwanza. Kikomo kilikuwapo kwenye karatasi, lakini fedha zilikuwa zikipita mlango wa nyuma. Maji yakizuiwa mbele hutafuta pa kupitia, na wa kuadhibiwa kwanza alikuwa mchezaji.

Desemba 1907, wachezaji walikutana katika hoteli moja mjini Manchester wakaunda chama chao. Meredith alikuwa miongoni mwa waasisi, pamoja na nahodha wa United, Charlie Roberts. Wakubwa wa soka mwanzoni walikivumilia chama hicho. Kilipoanza kuzungumza juu ya kuondoa kikomo na kushirikiana na vyama vya wafanyakazi wengine, uvumilivu ukaisha. Mwaka 1909 ikatoka amri kwamba kila mchezaji ajitoe kwenye chama kabla ya Julai, la sivyo usajili wake utafutwa. Wengi walikuwa na watoto wa kulisha, wakasaini. Wachezaji wa Manchester United, ambao miezi michache nyuma walikuwa wametwaa Kombe la FA, walikataa. Klabu ikawasimamisha. Wakatafuta uwanja mwingine wa kufanyia mazoezi, wakapiga picha ya pamoja wakiwa na kibao walichojiandikia jina la timu ya waliotengwa. Msimu mpya ulipokaribia kuanza na wengine kuanza kuwaunga mkono, wakubwa walirudi nyuma na chama kikatambuliwa. Lakini kikomo kilibaki palepale, na kanuni ya usajili ikabaki palepale.

Mwaka 1912 chama kikajaribu njia ya mahakama. Mchezaji mmoja aitwaye Kingaby aliishtaki Aston Villa kwamba ilimwekea bei kubwa kiasi kwamba hakuna klabu iliyomtaka, na hivyo ikamnyima riziki. Akashindwa. Mahakama iliona klabu imetumia haki zilizomo kwenye kanuni alizozikubali mwenyewe alipojisajili. Gharama za kesi zilikaribia kukimaliza chama, na kwa nusu karne hakuna aliyethubutu tena kwenda kwa jaji.

Miaka ikapita. Kikomo kilipandishwa hadi pauni 9 mwaka 1920, kisha mwaka 1922 kikashushwa hadi 8 wakati wa msimu na 6 wakati wa kiangazi. Sikilizeni vizuri hapo, ndugu zangu: kilishushwa. Mchezaji hakuulizwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili watu walikuwa na kiu ya burudani, na katika msimu wa 1948–49 viingilio kwenye mechi za ligi vilizidi milioni 41. Viwanja vilijaa hadi watu wakaning'inia kwenye kuta. Fedha zile zilikwenda wapi? Kwa mchezaji hazikufika, maana kikomo wakati huo kilikuwa pauni 12.

Basi haikushangaza kwamba mwaka 1950 baadhi yao walitoroka. Neil Franklin, beki wa kati wa Stoke na wa timu ya taifa ya England, alipanda ndege kwenda Bogotá, Colombia, ambako ligi ya huko ilikuwa nje ya FIFA na hivyo haikulazimika kumuomba mtu ruhusa wala kulipa ada ya uhamisho. Kwa kuondoka huko aliikosa Kombe la Dunia ya mwaka ule, mambo ya Bogotá hayakumwendea vizuri, na aliporudi nyumbani alikutana na adhabu. Nafasi yake katika timu ya taifa haikurudi tena. Charlie Mitten wa Manchester United naye alikwenda huko huko akarudi, akafungiwa. Mwaka 1957 John Charles aliuzwa na Leeds kwa Juventus ya Italia kwa pauni 65,000, akaonja mishahara ambayo kwao ilikuwa hadithi. Na mwaka huo huo Sunderland ikabambwa kwa malipo ya kificho kama City miaka 50 nyuma. Ikatozwa faini ya pauni 5,000 na baadhi ya wakurugenzi wake wakafungiwa. Nusu karne ilikuwa imepita na mlango wa nyuma ulikuwa bado wazi.

Hapo ndipo alipotokea Jimmy Hill. Alikuwa mchezaji wa Fulham, mwenye ndevu za kidevuni na ulimi mwepesi. Mwaka 1957 alichaguliwa mwenyekiti wa chama cha wachezaji. Wakati huo kikomo kilikuwa kinakaribia pauni 20 kwa wiki, ambacho ndicho kiwango cha mwisho kilichofikiwa mwaka 1958, na wakati wa kiangazi kilikuwa 17. Mfanyakazi wa kawaida wa kiwandani alikuwa akipata kama pauni 15. Kwa hiyo mchezaji bora kabisa wa nchi, anayejaza uwanja wa watu elfu hamsini, alimzidi jirani yake wa kiwandani pauni 5, tena kwa kazi inayokwisha mtu akifika miaka 35.

Mwishoni mwa 1960 chama kiliitisha mikutano London, Birmingham na Manchester kupiga kura ya mgomo. Katika mkutano wa Manchester inasimuliwa kisa kimoja ambacho hadi leo hurudiwa. Mchezaji mmoja kijana alisimama akasema kwamba baba yake anafanya kazi mgodini kwa fedha kidogo kuliko zake, na haoni kwa nini yeye adai zaidi. Akasimama Tommy Banks, beki wa Bolton, naye mtu aliyewahi kufanya kazi ya mgodi. Akamwambia kijana yule amwambie baba yake kwamba yeye Banks yuko tayari kwenda kumshikia zamu yake mgodini, ilimradi baba naye aje Jumamosi amkabe Stanley Matthews. Ukumbi ukaangua kicheko, na Matthews mwenyewe, winga aliyewatesa mabeki wa Uingereza kwa miaka 30, alikuwa upande wa wagomaji. Hoja ya mshikamano ikapita.

Mgomo ulipangwa kuanza Jumamosi ya tarehe 21 Januari 1961. Tarehe 18, siku tatu kabla, wakubwa wa ligi walikubali kuondoa kikomo. Miaka 60 ikafutwa kwa mkutano mmoja. Mwenyekiti wa Fulham, Tommy Trinder, ambaye kazi yake halisi ilikuwa uchekeshaji, alikuwa amewahi kujigamba kwamba kama si kikomo angemlipa nahodha wake Johnny Haynes pauni 100 kwa wiki. Sasa kikomo hakipo, na magazeti yanamkumbusha. Akalipa. Kutoka 20 hadi 100 kwa msimu mmoja!

Lakini wasikilizaji, pingu zilikuwa mbili, na iliyofunguliwa ni moja. Kuhusu ile kanuni ya usajili, wakubwa walianza kurudi nyuma baada ya makubaliano. Hapo ikaingia kesi ya George Eastham.

Eastham alikuwa mchezaji wa Newcastle. Alilalamikia nyumba aliyopewa na klabu na kazi ya ziada aliyoahidiwa, akaomba kuondoka. Klabu ikakataa. Mkataba wake ulipokwisha Juni 1960, hakusaini mpya. Akaenda kusini mwa nchi kufanya kazi ya kuuza bidhaa kwa rafiki wa familia, akakaa miezi kadhaa bila kugusa mpira wa ligi, kijana wa miaka 23 katika ubora wake. Novemba klabu ikalegeza kamba ikamuuza kwa Arsenal kwa pauni 47,500. Mwingine angeshukuru Mungu akasahau. Eastham, akisaidiwa na chama, alikwenda mahakamani hata baada ya kupata alichokitaka, ili wengine wasipite alikopita.

Mwaka 1963 Jaji Wilberforce alitoa hukumu. Alisema kanuni ya kumbakiza mchezaji aliyemaliza mkataba inamzuia mtu isivyo haki kufanya kazi yake. Jaji huyo alikuwa wa ukoo wa William Wilberforce, yule mbunge aliyepigania kukomeshwa kwa biashara ya watumwa. Magazeti ya huko yalipenda kuiita mikataba ile ya kitumwa. Sisi wa mwambao, ambao tumeonyeshwa na wazee wetu mahali minyororo ya kweli ilipofungwa, tutasita kulitumia neno hilo kwa mtu anayepokea pauni 20 kwa wiki. Hata hivyo hoja ya jaji inasimama bila neno hilo: mtu asiye na mkataba na wewe, huna haki ya kumzuia asitafute riziki kwingine.

Uhuru kamili haukuja siku ile. Kwa Ulaya nzima ulisubiri tarehe 15 Desemba 1995, Mahakama ya Ulaya ilipompa haki Mbelgiji Jean-Marc Bosman. Klabu yake ya Liège ilikuwa imempa mkataba mpya wenye robo tu ya mshahara wa zamani, na alipotaka kuhamia Dunkerque ya Ufaransa mwaka 1990, uhamisho ukakwama kwa sababu ya ada. Mahakama ilisema mchezaji raia wa Jumuiya aliyemaliza mkataba aondoke bure kwenda nchi nyingine mwanachama. Tangu hapo mizani ikageuka, na ndipo klabu zilipoanza kupenda mikataba mirefu. Zamani hazikuihitaji, kwa kuwa zilimshika mchezaji hata bila mkataba. Sasa mkataba ndio kamba pekee iliyobaki.

Basi, je, wale wakurugenzi wa 1901 walikuwa waongo waliposema kikomo kinalinda miji midogo? Hapana. Tazameni orodha ya mabingwa. Burnley, mji mdogo wa viwanda vya nguo, ulichukua ubingwa wa 1959–60. Ipswich ikauchukua 1961–62. Blackpool ilitwaa Kombe la FA 1953, Bolton 1958. Baada ya kikomo kuondoka, miji ya aina hiyo ilianza kushuka taratibu, na ubingwa ukahamia zaidi kwenye miji mikubwa. Mchezaji alipata haki yake, na shabiki wa Burnley alipoteza kitu. Mtu anayesimulia habari hii bila kukiri jambo hilo anawadanganya.

Kwa hiyo swali linabaki: je, inawezekana kuwa na kikomo bila pingu? Hapa tuvuke bahari hadi Marekani, nchi ya ubepari usio na haya, ambako utashangaa kukuta kikomo kikali kuliko cha Waingereza. Nazungumzia mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mabega ya bandia, katika ligi yao ya NFL.

Huko nako mchezaji alifungwa na timu yake kwa miaka mingi. Wachezaji waligoma 1982, wakagoma tena 1987, na mara hii ya pili wenye timu walileta wachezaji wa kuokoteza wakaendelea na mechi, hadi wagomaji wakarudi kazini mikono mitupu. Wakaenda mahakamani. Septemba 1992 baraza la wazee wa mahakama likaamua kwamba kanuni za kuwabana wachezaji zinavunja sheria za ushindani wa biashara. Sasa pande zote mbili zilikuwa na sababu ya kuogopa, zikakaa mezani, na Januari 1993 zikapatana.

Mapatano yalikuwa hivi. Mchezaji akitimiza miaka kadhaa na mkataba wake ukiisha, yuko huru kwenda anakotaka. Kwa upande wao, wachezaji wakakubali kikomo. Lakini kikomo hicho hakikuwekwa kwa mchezaji mmoja mmoja kama cha Uingereza. Kiliwekwa kwa mshahara wa timu nzima, na kilifungamanishwa na mapato ya ligi, kwamba mapato yakipanda nacho kinapanda. Mwaka 1994 kilianzia dola milioni 34.6 kwa kila timu. Mwaka 2025 kilikuwa kimefika dola milioni 279.2. Zaidi ya hayo, palikuwa na kiwango cha chini ambacho timu zililazimika kutumia. Nyumba ilipewa dari, ikapewa na sakafu.

Sisemi kwamba Marekani wamefika peponi. Huko mkataba wa miaka saba mara nyingi haumaanishi miaka saba, kwa sababu timu inaweza kumkata mchezaji katikati, naye akabaki na kile tu alichohakikishiwa. Ndiyo maana wachezaji hupigania fedha za mkono wakati wa kusaini. Na hapo mameneja wakagundua ujanja. Mwaka 1995 Dallas ilimsajili Deion Sanders kwa mkataba wa miaka 7 wa dola milioni 35, na karibu milioni 13 akapewa kama fedha za kusaini. Fedha zile alizipata mapema, lakini kwenye hesabu za kikomo ziligawanywa kwa miaka 7, kila mwaka zikaonekana chini ya milioni 2. Ni sawa na mtu aliyenunua ng'ombe mzima kwa mkopo, kisha anamwambia mkewe kwamba leo katumia fedha ya kilo moja tu. Siku mchezaji anapokatwa, deni lililobaki hukaa kwenye hesabu za timu bila mtu wa kucheza. Leo mgawanyo huo hauruhusiwi kupita miaka 5.

Ujanja huo huo ulivuka bahari kuja kwenye soka. Januari 2023 Chelsea iliwasajili vijana kama Mykhailo Mudryk na Enzo Fernández kwa mikataba ya miaka minane na nusu. Ada ya mchezaji hugawanywa katika vitabu kwa miaka ya mkataba, kwa hiyo pauni milioni 100 kwa miaka minane ni milioni 12 na nusu kwa mwaka, ambapo kwa miaka mitano zingekuwa milioni 20. Wakubwa wa Ulaya wakashtuka, wakaweka ukomo wa miaka 5 katika hesabu hizo kuanzia kiangazi cha mwaka ule, na Desemba Ligi Kuu ya Uingereza ikafuata. Mchezaji bado anaweza kusaini miaka minane, ila vitabu vitahesabu mitano.

Nimalizie kwa kisa ambacho kwangu ndicho kinajibu swali letu. Agosti 2020, wakati viwanja vimefungwa kwa ajili ya korona, klabu za daraja la tatu na la nne za Uingereza zilipiga kura ya kuweka kikomo cha mishahara kwa timu: pauni milioni 2.5 kwa mwaka daraja la tatu, na milioni 1.5 daraja la nne. Nia ilikuwa njema, klabu zilikuwa zinakufa. Chama cha wachezaji, kile kile cha Meredith na Jimmy Hill, kikapinga mbele ya wasuluhishi. Februari 2021, miaka 60 na wiki chache tangu ushindi wa 1961, kikomo hicho kikafutwa. Sababu haikuwa kwamba kikomo ni haramu. Wasuluhishi waliona kwamba ligi haikufuata utaratibu uliokubaliwa wa kushauriana na wachezaji.

Hapo ndipo penye jibu. Kikomo cha 1901 na kile cha 1994 vyote vinaitwa kikomo, lakini kimoja kiliandikwa na upande mmoja, na kingine kilisainiwa na pande mbili, kila mmoja akiwa ametoa kitu na kupokea kitu. Kwanza muulize mwenye kutaka kukiweka: mchezaji alikuwapo mezani? Pili muulize: mkataba ukiisha, yuko huru kuondoka? Jibu likiwa hapana kwa maswali yote mawili, hiyo ni pingu, hata ikipakwa dhahabu.

Nasi tusidhani habari hizi ni za Wazungu peke yao. Mpira wetu sasa una fedha, na fedha zimeleta mikataba. Mnakumbuka mwishoni mwa 2022 na sehemu kubwa ya 2023 nchi ilivyogawanyika juu ya Feisal Salum, aliyetaka kuvunja mkataba wake na Yanga, shirikisho likasema bado ni mchezaji wa Yanga, hadi suluhu ilipopatikana akahamia Azam. Sina nia ya kufufua kesi iliyokwisha. Ninachosema ni kwamba mabishano mengi kule vijiweni yalikuwa juu ya nani ana uchungu na klabu, na machache yalikuwa juu ya maneno yaliyoandikwa kwenye karatasi. Kijana anayesaini miaka mitatu na aisome, awe na mtu wa kumsomea. Klabu inayoahidi miaka mitatu nayo ijue kwamba imejifunga kulipa miaka mitatu, hata goti la kijana likiteguka mwezi wa pili. Na chama cha wachezaji kikiitisha mkutano, wenye majina makubwa waende wakae viti vya mbele, kama Stanley Matthews alivyokwenda.

Kwa yule mzee wa kijiweni, nampa heshima yake. Shikamoo, mzee wangu. Hofu yako ya kwamba fedha zitaua mchezo ni hofu ya kweli, na Burnley ni shahidi wako. Lakini ukitaka kikomo, mwite kwanza mchezaji, mvutie kiti, mzungumze.

Kwa leo naishia hapo. Kwaherini, hadi wiki ijayo.